Tromboni ya Baba na Ubeti wa Mwisho

Tromboni ya baba ilikuwa imemzidi umri. Hakuna aliyejua imetengenezwa lini. Maandishi yaliyochongwa kwenye mdomo wake mpana yalikuwa yamefutika kwa kupanguswa miaka na miaka, yakabaki majani mawili matatu ya urembo na alama moja ambayo baba alisema ni B na mimi nikasema ni nane. Tulibishana juu ya alama hiyo hadi mwaka wake wa mwisho. Baba hakuwa mtu wa kukubali kushindwa, na mimi nimemrithi.

Aliyeipata kwanza ni babu. Babu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja kule Subukia, na mzungu huyo alipouza shamba arudi kwao aliwagawia wafanyakazi vitu ambavyo hakutaka kuvibeba. Mmoja alipata baiskeli, mwingine blanketi, mwingine saa ya ukutani isiyotembea. Babu alipata sanduku jeusi, refu. Alipolibeba akasikia chuma kikigongana ndani, akaamua ni bunduki. Nyakati zile kukutwa na bunduki kulikuwa ni kujitafutia kitanzi, basi akalificha sanduku ghalani chini ya magunzi, akalala miezi miwili bila raha. Baba, wakati huo kijana, ndiye aliyelifungua, na alichokikuta ndani hakujua hata jina lake. Alitusimulia kisa hiki kila Krismasi, na kila Krismasi alicheka hadi akajifuta machozi. Siku nyingine zote hakuwa mcheshi.

Nitaieleza ilivyokuwa, maana wengi hawajawahi kushika tromboni. Ni bomba refu la shaba ya manjano lililokunjwa. Haina vifungo vya kubonyeza kama tarumbeta. Sauti unaitafuta kwa mkono, kwa kuvuta na kurudisha kipande kirefu ambacho wanabendi wetu hukiita slaidi. Slaidi ni mabomba mawili ya nje yanayoteleza juu ya mabomba mawili ya ndani, na nafasi iliyopo kati yake haizidi unene wa unywele. Hapo ndipo uhai wake ulipo. Slaidi ikiteleza, tromboni inaimba. Ikikwama, unaweza kuipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Zile mpya ambazo kanisa lilinunua baadaye zilikuwa na mdomo mpana zaidi na kelele zaidi. Ya baba ilikuwa nyembamba na nyepesi, na sauti yake haikuwa kubwa. Lakini ilipoingia kwenye wimbo watu waliacha kukohoa. Ilisikika kama mzee anayeongea taratibu kwa sababu ana hakika atasikilizwa. Nimesikia tromboni nyingi tangu hapo, kwenye simu na kwenye harusi za wenye pesa, na sijasikia nyingine ya namna hiyo.

Na ilikuwa mbovu, nisiwadanganye. Ilikuwa na bonde kwenye mkunjo wa nyuma, pale alipoiangusha kwenye gwaride la kanisa. Kizibo kidogo cha tundu la kutolea mate kilikuwa kimeoza zamani, na baba alikata kipande cha ndara ya patipati akakigundisha mahali pake. Karibu na pale pa kupulizia, shaba ilikuwa imeota madoa mekundu. Baba alisema ni mate. Mate ya mpigaji hubaki ndani yakaila shaba polepole, na ukiona doa nje ujue ndani kumeshakwisha. Kikulacho ki nguoni mwako, alikuwa akisema, huku akiipangusa kwa fulana kuukuu. Slaidi aliipaka krimu ya uso ya mama, kidogo tu, kisha akainyunyizia maji. Mama alilalamika maisha yake yote kwamba ana mke mwenza wa shaba anayemaliza krimu kumshinda.

Baba alifanya kazi kwenye kinu cha unga mjini Nakuru. Siku sita alikuwa mtu wa kawaida mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi. Siku ya saba alivaa koti la bendi la rangi ya damu ya mzee, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, na hata sisi watoto wake tulimwamkia kwa adabu zaidi. Bendi ya kanisa letu ilikuwa ya wanaume. Wavulana walifundishwa kupuliza tangu wakiwa wadogo. Sisi wasichana tulipewa matari. Sina ugomvi na matari, lakini ukimfunga mbuzi tari shingoni naye atalipiga. Nilisimama safu ya nyuma nikitikisa, macho yangu kwenye mkono wa baba. Kufikia miaka kumi nilijua mahali pote saba ambapo mkono ule ulisimama, na kila mahali panatoa sauti gani.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilichukua tromboni wakati baba yuko kazini, nikaketi nyuma ya nyumba, nikapuliza. Siku ya kwanza ilitoa upepo. Siku ya tatu ikatoa sauti, mbaya, lakini sauti. Siku ya tano baba akarudi mapema. Hakunipiga. Alinipokonya, akaipangusa pale nilipoweka midomo, akairudisha sandukuni, na kesho yake akaja na kufuli. Kufuli! Kwa mtoto wake mwenyewe. Ufunguo akauvaa shingoni kwa uzi. Laiti angenichapa ningesahau, maana tulichapwa kwa mengi tukasahau, lakini kila nilipoona uzi ule kwenye kola yake nilikumbuka.

Kaka yangu alifundishwa kwa lazima. Samaki mkunje angali mbichi, baba alimwambia, na huyo samaki alikunjwa kila jioni hadi akaanza kujificha chooni. Alichukia tromboni, akachukia bendi, na alipopata nafasi ya kwenda Uarabuni kulinda maghala akaondoka bila kutazama nyuma. Hadi leo yuko huko. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na mmoja aliyelazimishwa na mmoja aliyekatazwa, na tromboni katikati, ndani ya sanduku lenye kufuli.

Miaka ikaenda. Mama akafa. Mimi nikaolewa, nikaachika, nikafungua duka la dawa na vyakula vya mifugo kando ya barabara ya Kiamunyi, nikajenga nyumba nyuma yake. Baba akastaafu kinu lakini si bendi. Halafu mwaka juzi akaanza kusema ugali unamkwama. Huku kwetu Bonde la Ufa mtu akisema hivyo majirani hutazamana, kwa sababu wengi wameshazika wagonjwa wa saratani ya koo. Tulienda hospitalini, tukapigwa picha, tukaambiwa tunachokijua tayari. Wakamtia mpira wa kulishia tumboni. Nikamleta nyumbani kwangu na sanduku lake jeusi.

Koo lilipoziba, pumzi ya kupuliza ikaisha, na sauti ya kuongea ikawa ya kunong'ona. Jioni moja ya Jumapili akauvua ule uzi shingoni, akanipa.

"Fungua," akasema.

Nilikuwa na miaka arobaini na saba. Nilifungua, nikaitoa sandukuni.

Tangu siku hiyo alinifundisha kuitunza. Aliketi kwenye kiti cha plastiki uani, mimi nikiwa kwenye mkeka mbele yake, naye akinong'ona au akiandika kwenye daftari la shule. Ipanguse kwa kitambaa laini. Krimu kidogo, maji kidogo. Slaidi ilazwe, isisimamishwe. Na jambo moja alilirudia hadi nikachoka: mabomba ya ndani yasiguswe na kitu chochote kikali. Wala mchanga, wala jivu, wala stilwaya ya kusugulia sufuria. Mkwaruzo mmoja tu unatosha. "Ukiisugua huko ndani umeiua," aliandika, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Nilijua anachokitayarisha. Bendi yetu ina desturi yake. Mwanabendi akifa, nyimbo za kaburini hupigwa na bendi nzima, lakini ubeti wa mwisho wa wimbo wa mwisho hupigwa na chombo cha marehemu peke yake. Wengine wote hushusha vyao. Chombo kikisha kulia ndipo udongo wa kwanza hutupwa. Nimehudhuria mazishi ya aina hiyo mara nyingi, na nimeona wanaume wagumu wakigeuka watazame uzio. Mwanabendi ambaye chombo chake hakikulia, watu husema ameondoka bila kuaga. Husemwa kwa upole, lakini husemwa miaka mingi.

"Hiyo siku isinyamaze," baba aliniambia. "Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

"Sema haitanyamaza."

"Haitanyamaza."

Hilo ndilo nililoahidi. Alikuwa hawezi kula, hawezi kumeza mate yake mwenyewe, na hilo ndilo jambo pekee aliloniomba katika maisha yake yote.

Nilianza na lile bonde, maana lilikuwa linabana pumzi. Nilipeleka tromboni mtaa wa Rhonda kwa fundi mmoja wa kuziba rejeta na bomba za moshi za magari, kijana mwenye mikono myeusi hadi viwikoni. Aliigeuza huku na huku.

"Mathe, hii ni eksozi ya gari gani?"

"Ni ya gari la mbinguni," nikamwambia. "Unaweza ama huwezi?"

Alicheka, akaweza. Alitumia mpira wa chuma na nyundo ya mbao aliyoifunga kwa kitambaa, akagonga kwa upole ambao sikumtarajia, na bonde likainuka. Kisha akavuta slaidi, akairudisha, akaivuta tena kwa kidole kimoja. "Hii ni ya watu walikuwa serious," akasema. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, nakiri.

Tena nakiri la pili. Sikuishia kuitunza. Nyuma ya duka langu kuna stoo ya magunia ya chakula cha ng'ombe, na magunia hunyonya sauti. Kila siku kabla ya kufungua duka niliingia humo, nikafunga mlango, nikapuliza. Mkono wangu ulijua njia tangu nikiwa safu ya nyuma na tari. Midomo ndiyo iliyokuwa migeni. Baada ya mwezi nilikuwa na wimbo mzima. Baada ya miezi mitatu nilikuwa na ule ubeti, na ulikuwa mzuri. Sijisifu. Mtu anajua kazi yake ikiwa nzuri. Nilitoka stoo na alama nyekundu ya mduara kwenye midomo, nikaipaka mafuta ya mgando, nikaenda kumlisha baba uji kwa mpira.

Nilisubiri aseme kwamba ubeti ule ni wangu. Kila siku nilidhani leo atasema. Mwishowe nikauliza mwenyewe. Ilikuwa Jumatatu, nilikuwa nimemaliza kumwogesha.

"Baba, ule ubeti atapiga nani?"

Akaandika kwenye daftari: *Yule wa Kaptembwo.*

Ndiye kiongozi wa bendi, mkazi wa mtaa wa Kaptembwo, rafiki yake wa tangu ujana, aliyekuwa akija kumwona kila Jumatano. Anapiga tromboni pia. Si mbaya.

"Na mimi je?"

Akanitazama. Kisha akafumba macho, kama mtu aliyechoka na mtoto. Labda alikuwa amechoka kweli. Dawa alizokuwa akitumia zilikuwa kali. Lakini mimi niliona kola, uzi na kufuli. Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika yote. Nilimwambia nimemvisha nepi miezi saba na mwanawe mpendwa hajatuma hata salamu. Nilimwambia nilipe kwa neno moja tu, moja. Hakufumbua macho. Nikatoka, nikaacha sanduku wazi juu ya meza, slaidi haijapanguswa.

Jumanne sikusema naye. Nilimlisha, nikamgeuza, nikambadilisha, kimya. Jumatano vilevile; yule wa Kaptembwo alipokuja, nilimwachia mlango, nikaenda zangu dukani. Hasira hasara, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimeisoma shuleni na kuandika insha juu yake. Alhamisi asubuhi, nikiwa nampimia mteja dawa ya kupe, msichana anayenisaidia nyumbani alikuja mbio bila viatu. Nilipofika baba alikuwa bado ana joto.

Siku tatu. Zilikuwa zimebaki tatu tu, na zote nilizimaliza kwa kununa.

Kwetu, mtu akifa, wamama wa kanisa hawaji kukaa. Wanakuja na leso viunoni na ndoo. Kabla waombolezaji hawajajaa, nyumba yote hutolewa nje: viti, vyombo, mapazia, hata picha za ukutani. Kila kitu huoshwa na kusuguliwa, ili msiba ukute nyumba safi na mfiwa asiaibike. Ni upendo, na ni upendo wa mikono. Mama wa kanisa letu hajui kukupa pole akiwa amekaa. Kufikia saa tano nyasi zangu zilikuwa zimefunikwa na sufuria. Walikuwa na majivu kwenye karai, sabuni ya unga, na stilwaya.

Aliyewaongoza alikuwa mama mzee wa Kiamunyi, mjane, aliyenijua tangu nikiwa tumboni. Ndiye aliyenifundisha tari. Nilikuwa jikoni nikimimina chai kwenye chupa aliposimama dirishani, amebeba tromboni mikononi kama mtoto mchanga.

"Msichana wangu, na hii ya mzee? Imeingia weusi sana."

Nilimtazama. Niliitazama tromboni.

"Watu watakuja wengi," akasema. "Bendi yote itakuwa hapo. Si tuisugue ing'ae, hiyo siku yake ikuwe nzuri?"

Nimejiuliza swali hili mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na jibu ni lilelile. Nilijua. Katika uwanja ule wote nilikuwa mtu mmoja tu anayejua. Ningeweza kusema hapana, mama, iache, nikarudi kwenye chai yangu. Halikuwa neno gumu. Lakini nilimwona yule wa Kaptembwo ameishika kaburini, midomo yake pale ambapo yangu ilifutwa kwa kitambaa.

"Sugueni," nikasema. "Sugueni kila kitu."

Nilimwona kupitia dirisha. Aliketi kwenye kigoda, akaichunguza, akagundua kwamba slaidi inachomoka. Akaichomoa yote. Akachovya stilwaya kwenye jivu, akaanza na yale mabomba mawili ya ndani, juu chini, juu chini, kwa nguvu zake zote za uzee, huku akiimba. Sauti ya kusugua nilikuwa naisikia. Niliendelea kumimina chai. Alipomaliza aliiunganisha ikiwa na maji, akaisimamisha juani kando ya sufuria, na ikawaka hivi kwamba huwezi kuitazama. Wenzake walimpigia vigelegele vidogo vya msiba.

Mazishi yalikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Jumatatu nilifungua sanduku. Slaidi ilisogea kama jino kwenye mchanga. Nilitia krimu, nikatia maji, nikavuta. Jivu lililobaki ndani likageuka uji, na ilipofika vidole vinne ikakwama. Jumanne niliipeleka Rhonda. Yule fundi aliichomoa kwa tabu, akaweka mabomba ya ndani kwenye mwanga, na sikuhitaji kuelezwa. Yalikuwa na mikwaruzo mamia, na ile ngozi yake nyeupe laini ilikuwa imetoka.

"Nani alifanya hii?" akauliza. Hakuniita mathe.

"Iliharibika nyumbani."

"Hii imeenda. Labda upate bomba zingine, na hizi sijui kama bado ziko duniani. Pole."

Ningeweza kumpigia simu yule wa Kaptembwo siku ileile, nikamwambia ukweli, akaja na tromboni nyingine. Watu wangeelewa. Nilirudi nyumbani, nikaifungia sandukuni, nikavaa ufunguo shingoni. Alipopiga simu mwenyewe kuuliza kama chombo kiko tayari, nilisema kiko tayari. Nilifikiri: ndiye aliyechaguliwa, na ahangaike nacho. Nilitaka aaibike. Mbele ya baba akiwa amelala kwenye sanduku lake mwenyewe. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyawaza.

Tulimzika Subukia, kwenye kipande cha shamba lilelile alilopikia babu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na udongo mwekundu ulikuwa umeganda kwenye viatu vya bendi. Watu walikuwa wengi. Nyimbo zikapigwa, mahubiri yakasemwa, kaka akasikika kwenye simu iliyoshikwa karibu na kipaza sauti, akilia kwa kukatikakatika. Jeneza likateremshwa. Bendi ikaanza wimbo wa mwisho. Ilipofika ubeti wa mwisho, wote wakashusha vyombo. Nikatoa ufunguo, nikafungua sanduku, na tromboni ikawaka. Watu wakasema eeh. Yule mama mzee alikuwa mstari wa mbele. Niliona ameinua kidevu kidogo.

Nikampelekea yule wa Kaptembwo. Hakuipokea. Alivua kofia yake ya bendi.

"Si mimi," akasema, kwa sauti ya watu wote kusikia. "Mzee aliniandikia ile Jumatano. Hii karatasi ninayo." Akaitoa mfukoni, ilikuwa imechanwa kutoka kwenye daftari la shule. Akasoma. "Anasema: *Ubeti apige binti yangu. Nimeona alama kwa midomo yake tangu Aprili. Hanisemeshi, ana hasira, na ni haki yake. Mwambie siku hiyo.*"

Akaikunja karatasi, akanipa. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akasimama wima kama wanavyosimama kwa ajili ya mpigaji.

Nilisikia watu wakilia, na hawakuwa wakilia kwa sababu yangu. Niliinua tromboni. Ubeti huanza slaidi ikiwa imefungwa, mkono karibu na uso, na sauti hiyo ya kwanza ilitoka. Ilitoka nzuri, ile sauti yake ya taratibu, ikaenda juu ya mahindi hadi kwenye mikaratusi. Sauti ya pili inataka mkono uende mbele. Nilivuta. Nikavuta tena. Nikavuta kwa nguvu hadi pale pa kupulizia pakanigonga jino. Jivu lilisaga ndani, kila mtu akalisikia, na slaidi haikwenda.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mwacheni, uchungu umemzidi."

Yule wa Kaptembwo alinisogelea, akaishika slaidi, akaijaribu. Akaichungulia. Alikuwa amepiga tromboni miaka hamsini, hakuhitaji kuangalia mara mbili.

"Nani alisugua hii?" akauliza.

Udongo wa kwanza ulikuwa bado haujatupwa. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Lakini yule mama mzee alikuwa ameshatoka kwenye mstari, mkono wake juu.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi niliisugua. Nilidhani namfanyia mzee kitu kizuri." Akatazama kaburini, akatazama mikono yake. "Nimemnyamazisha. Ai, mzee, nimekunyamazisha." Hakuna aliyemkaripia, lakini hakuna aliyemsogelea, na wenzake aliokuja nao na ndoo walitazama chini. Akaja hadi nilipo, kwenye matope, akanishika mikono yote miwili pamoja na tromboni, machozi yakimwenda. "Nisamehe, msichana wangu. Hukuwa unajua. Ni mimi mjinga."

Watu wote walikuwa wakinitazama, wakisubiri. Nikamkumbatia, nikamwambia nimemsamehe.